Punda wa Miguu Mitano

Nyumba hii ya mawe haikujengwa kwa ajili ya Lali.
Walioijenga, hapa Mkomani, walichonga vidaka ukutani
safu juu ya safu, kila kimoja na sahani yake,
na nadhani hawakuwa na mtoto wa miaka minne
apandaye ukuta kwa vidole vya miguu kama mjusi.

Safu ya juu bado ni yangu.
Ya chini nilinyang'anywa tangu Shaabani.
Sasa mna gamba la kaa, gurudumu lisilo na gari,
vizibo vya soda kumi na saba
(usithubutu kusema kumi na sita),
na kokwa ya embe ambayo Barke huiita mwanawe
na kuifunika leso yangu mpya.

Nafagia. Mchanga huingia na viatu,
huingia bila viatu.
Naufukuza kiwandani hadi dakani,
nikigeuka umenitangulia jikoni.
Nikikunja nguo, Barke anakunjua,
moja moja, kwa makini,
kama mtu aliyeajiriwa.
Samaki wa birika, yule tuliyemtia ale viluwiluwi vya mbu,
leo nimemkuta ndani ya kikombe cha chai.
Mzima. Ananitazama.

Na Bi Shekue ameleta salamu: atapita baada ya alasiri.
Mama mkwe wangu hasemi.
Hupitisha kidole kwenye ukingo wa kitanda,
akakitazama kidole,
akaomba maji.
Amelea saba humu humu, na mtaa mzima husema
kwake ungeweza kula wali sakafuni.
Kwangu pia wali huliwa sakafuni.
Na sisimizi.

Basi nikaroweka chokaa.
Nikaanza na ukuta wa ndani, usawa wa viganja vyao,
penye ramani ya mafuta ya sambusa na uji wa juzi.
Nikakwangua kwa kisu butu. Tabaka likabanduka,
na la pili, na chini yake mikwaruzo:
masikio mawili, tumbo, mkia.
Miguu nikaihesabu mara mbili.
Mitano.

Nikamwita Lali. Akaapa si yeye,
na kwa mara ya kwanza wiki hii
alikuwa akisema kweli.

Bi Shekue akaingia sijanawa mikono:
chokaa puani, ndoo katikati ya njia,
Barke uchi, kavaa kofia ya babake tu.
Hakupitisha kidole popote.
Alichutama, na magoti yale, mbele ya ukuta.
"Ni wa Bwanaheri huyu. Nalimpija siku ile.
Kula mwaka humfunika, kula mwaka huya."

Bwanaheri. Mume wangu, aliye Mombasa bandarini,
anyooshaye makontena ya watu kwa mstari,
anayenambia kwa simu kila Alhamisi:
jitahidi, nyumba iwe nyumba.

Nikauliza, mguu wa tano ni wa nini?
"Nalimuuliza. Kanambia: huyu yuwakimbia."

Akanipokonya brashi. Nikajua atamfunika tena.
Akapaka kushoto, akapaka kulia,
akayazunguka masikio kwa ncha,
taratibu, kama anayempaka mwana wanja.
Kisha akainuka kwa kuushika ukuta,
akaomba maji,
na akielekea mlangoni akasogeza sahani moja kidakani,
nusu kidole, si zaidi.

Usiku. Wamelala, mmoja juu ya mwingine,
mchanga shukani, nyayo nyeupe za chokaa hadi chooni.
Nakwenda kuzima taa ya kiwanda
nakanyaga gurudumu.
Nasema neno ambalo Lali hajalijua bado.
Naliokota, nalirudisha safu ya chini, kidaka cha tatu,
mahali pake.
Nahesabu vizibo, maana asubuhi nitaulizwa.

Kumi na sita.

Napiga magoti,
naupenyeza mkono chini ya kitanda.